Nesi na Santuri za Kelele

Kabla sijasema lolote zuri juu yake, niseme kwanza kwamba alinichosha. Nimefundisha jiografia Handeni miaka kumi na minne. Nimekaa na darasa la watoto themanini mchana wa joto, nimebishana na wazazi, nimebishana na wakaguzi. Hakuna aliyewahi kunifikisha pale Nesi aliponifikisha: nimesimama barabarani Misima saa saba ya jua, vumbi mpaka kwenye kope, kuku wangu ameshaliwa, santuri sijapewa, na wa kumlaumu simwoni.

Sisi wa Masuguru, Korogwe, tulimwita Nesi, basi. Manesi wengine wa mtaa walikuwa na majina, wakaitwa Nesi fulani na Nesi fulani. Yeye alikuwa Nesi peke yake na hakuna aliyepotea. Alikuwa mkunga. Amezalisha nusu ya Korogwe, au hivyo ndivyo alivyojihesabia, na sijasikia aliyembishia.

Yeye naye hakumwita mtu kwa jina lake. Kila mtu alimwita kwa namna alivyozaliwa. Mimi nilitanguliza miguu, kwa hiyo mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto wawili na chaki mkononi, naitwa Miguu. Mdogo wangu ni Mvua. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mbao, mtu mzito, anatembea watu watatu nyuma yake. Huyo akimwona Nesi kwa mbali alibadili njia, maana aliitwa Kitovu na hakutaka wateja wake waulize sababu. Wakati mwingine hakuwahi kukwepa.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Kitovu. Mbona umekonda? Unakula?"

Ukijaribu kumdanganya, kwa dogo au kwa kubwa, alikuwa na neno lake moja tu: "Mimi nilikuona kabla mama yako hajakuona." Hapo mjadala umefungwa. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nimetafuta jibu tangu nikiwa darasa la tatu, sijalipata.

Wodini kwake hakukuwa na kelele. Ndala haziburuzwi, mlango haubamizwi, na mgeni aliyecheka kwa sauti alitolewa nje pamoja na chupa yake ya uji. Walioruhusiwa kupiga kelele walikuwa wenye uchungu peke yao. Hao aliwaambia, na mama yangu aliambiwa hivyohivyo: "Lia, mwanangu. Hapa ndipo mahali pake. Ukitoka nje utaambiwa unyamaze." Mama anasema alilia mpaka akajisikia aibu, na Nesi akamuuliza kama ndiyo mwisho wa sauti yake.

Sasa mtu huyohuyo, Jumamosi akiwa nyumbani kwake, ukuta mmoja na sisi, alipiga muziki uliofanya kuku wetu wasitage.

Wakati bado msichana aliwahi kupangiwa kazi kwenye zahanati ya Vugiri, huko juu milimani, ukungu na baridi, mahali ambapo mtoto wa Kizigua kutoka bondeni anavaa sweta mbili na bado anatetemeka. Alifanya kazi huko na mkunga mmoja wa Kizungu. Yule mwanamke alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia Nesi redio ya santuri inayotumia mabetri, na sanduku lenye santuri kumi na moja. Saba zilikuwa za kwaya na fidla. Hizo Nesi alizigawa kwa heshima kwa watu wa kanisani. Nne akabaki nazo, na nne hizo zilikuwa za kelele.

Kati ya nne, moja ndiyo ilikuwa roho yake. Ndogo, ya nyimbo mbili, mmoja kila upande. Kwenye jalada walionekana wasichana wanne wamekaa kwenye ngazi za nje ya jengo, wamenuna kama watu waliopanga foleni ya dawa tangu asubuhi. Jina lao lilikuwa limeliwa na unyevu wa Vugiri. Wimbo wa upande wa kwanza ulianza kwa mlango kubamizwa, tukauita Wimbo wa Mlango. Wa upande wa pili ulianza kwa mmoja wa wasichana kukohoa kabla ngoma hazijaingia, tukauita Wimbo wa Kikohozi. Baada ya hapo yalikuwa ni magitaa yanayokwaruza na mwanamke anayefoka, dakika mbili au zaidi kidogo, halafu kimya.

Nesi hakujua Kiingereza cha kuelewa maneno yale na hakutaka kuelezwa. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, macho kwenye santuri inayozunguka, na uso wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nilimuuliza siku moja, nikiwa mtoto, yule anafoka nini.

"Amechoka," alisema. "Nimemsikia wodini kila wiki."

Nyimbo za mapenzi alizichukia. Mtaa mzima ulipiga nyimbo za mapenzi, na Nesi alipita akisonya. "Wanabembelezana, wanabembelezana, halafu nani anakuja kukesha nao? Mimi." Na huyuhuyu mwenye kelele alikuwa mtu wa sala tano. Dakika kadhaa kabla ya adhana redio ilizimwa, hata kama wimbo ulikuwa katikati. "Mungu hapigiwi kelele," alisema, "wanaopigiwa kelele ni binadamu."

Kuipiga santuri ilikuwa kazi ya hospitali. Alinawa mikono hadi viwiko. Aliifuta santuri kwa pamba na spiriti, kwa kuzunguka, bila kurudi alikotoka. Kisha alifungua kiberiti, ndani mna pamba, ndani ya pamba mna sindano ya ile redio, akaichomeka mahali pake. Alipoishusha juu ya santuri aliiambia santuri, kwa sauti ileile aliyotuambia sisi kwenye chanjo: "Tulia, haiumi." Wimbo ukiisha aliichomoa sindano, akairudisha kwenye pamba, pamba kwenye kiberiti, kiberiti mfukoni. "Sindano haiachwi nyumbani kwa watu." Nilimwambia hapa ni nyumbani kwako, Nesi. Aliniangalia kama mtu aliyesema jambo la kijinga, na labda nilikuwa nimelisema.

Mumewe alikuwa mzee wa reli. Mrefu, mkimya, mguu mmoja unachechemea kwa ajali ya zamani, na kofia yake ya kazi kichwani hata baada ya kustaafu. Muziki ukianza yeye alitoka nje na kukaa barazani. Watu walidhani anaukimbia. Lakini kazi ya mabetri ilikuwa yake. Redio ilikula betri sita kubwa, na betri haikutupwa kwa sababu tu imekwisha. Alizipanga juu ya bati la banda la kuku, akazianika juani tangu asubuhi, akizigeuza moja moja kama mtu anayeanika muhogo. Jioni zilikuwa zimepata nguvu ya wimbo mmoja, wakati mwingine nyimbo mbili. Nguvu ikianza kupungua, muziki ulipungua mwendo, na wale wasichana wakageuka wanaume wenye sauti za mapipa. Mimi mpaka nafika sekondari nilijua kwamba Wimbo wa Mlango umeimbwa na mwanamume mzito. Kutoka barazani mzee wa reli alisema neno lake la siku: "Zimechoka."

"Waache wapumzike," Nesi alijibu, na siku imeisha. Sikuwahi kuwaona wakiongea mapenzi zaidi ya hapo.

Niliondoka Masuguru, nikasoma, nikapangiwa Handeni, nikasahau. Halafu mchana mmoja nilikuwa nasahihisha mitihani na simu inapiga muziki pembeni. Nilikuwa nimeanza na wimbo wangu wa kawaida, na zile programu za simu, wimbo ukiisha, zinakuchagulia mwingine, na mwingine, bila kukuuliza. Sikuwa nasikiliza. Mara mlango ukabamizwa.

Kalamu nyekundu ilinidondoka. Ulikuwa wenyewe, lakini unakwenda mbio, na anayefoka ni msichana. Niliurudia mpaka bando likaisha, nikanunua jingine. Kumbe muziki ule una jina, unaitwa panki. Sisi panki tuliijua ni mtindo wa kunyoa. Kumbe kuna watu duniani, watu wazima wenye kazi zao, wanatafuta santuri za panki za zamani ambazo wakati wake hakuna aliyezitazama, wanachimba kwenye masanduku ya vitu vikuukuu, wakizipata wanaziweka kwenye simu ili na wengine wasikie. Wiki mbili nilifundisha mito na maziwa huku masikio yanavuma. Nilisikiliza makundi ambayo yalitoa santuri moja na kupotea. Nilikasirika kwamba nimefika umri huu bila kuambiwa, kisha nikakumbuka kwamba niliambiwa kila Jumamosi nikaziba masikio.

Chini ya Wimbo wa Mlango watu walikuwa wameandika maoni yao. Wengi waliuliza upande wa pili uko wapi, mbona hausikiki popote. Na mmoja alikuwa ameandika kwa upole kwamba yeye ni mmoja wa wale wanne wa kwenye ngazi, sasa ni bibi, na kwamba upande wa pili hakuna aliyebaki nao, hata wao wenyewe. Angefurahi kuusikia mara moja tena.

Nilisoma maneno yale nimesimama. Mimi nilijua uko wapi. Uko Masuguru, ukuta mmoja na kwa mama yangu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Nesi na simu mkononi. Mzee wa reli alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Mimi nilikuja kuzika na kugeuza siku ileile, maana shuleni kulikuwa na mitihani, na jambo hilo lilikuwa bado linaniuma. Nilimpa pole upya, tukanywa chai, kisha nikamwekea wimbo. Alisikiliza mikono magotini, mpaka mwisho.

"Wanakimbilia wapi hawa?"

"Ndiyo mwendo wake, Nesi. Ule wetu ulikuwa wa betri zilizochoka."

"Huu siyo," alisema, akanirudishia simu.

Nilimweleza maneno ya wimbo, kwa kuwa nilikuwa nimeyatafuta: ni msichana anayefanya kazi ya kufua nguo za hoteli na hajalipwa. Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Nani kakuuliza?" Basi nikaacha, nikaomba kilichonileta. Naomba sanduku, Nesi, tuupige Wimbo wa Kikohozi mara moja tu, niunase kwenye simu, nimpelekee mwenyewe huko aliko.

Aliinuka, akachukua vikombe, akaingia ndani. Hakutoka.

Mama ndiye aliyenieleza, na ili msomaji aelewe hasira zangu lazima nami nieleze. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mkonge ulileta Wanyamwezi wengi huku kwetu, wengine wakabaki, na utani ukabaki nao. Nesi alikuwa na mtani wake mmoja, mzee aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa enzi za kazi yao, ambaye baada ya kustaafu alihamia Misima, upande wa Handeni, kulima mahindi. Walitukanana miaka yote kwa furaha kubwa. Na msibani mtani ana kazi yake. Watu wanalia, yeye anamwigiza marehemu, anamtukana, anachukua kitu cha mle ndani na kusema sasa ni chake. Mfiwa anatakiwa amjibu tusi kwa tusi, acheke, atoe kuku, arudishiwe kitu chake. Hivyo ndivyo kilio kinavyofunguliwa.

Siku ya tatu ya msiba Mtani alivaa ile kofia ya reli, akajitwisha sanduku la santuri, akatembea uani akichechemea, hasa kama marehemu. Akasema: "Nimetumwa na mwenye nyumba. Anasema huku alikokwenda ni kimya mno, nimpelekee kelele zake." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wote wakamgeukia Nesi, fundi wa matusi, wasikie atakavyomjibu.

Nesi aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mtani alisubiri mpaka jua likazama. Sanduku halikukombolewa. Na kitu ambacho hakikukombolewa mtani hawezi kukirudisha tu kama mtu aliyeokota ndoo. Ni kumtukana mfiwa kweli. Akavua kofia, akaiacha barazani, akaondoka na sanduku kwenda Misima, na mama anasema uso wake ulikuwa umemwanguka.

Kwa hiyo redio ikabaki Masuguru bila santuri, na santuri zikawa Misima bila redio.

Nilidhani ni jambo la Jumapili moja. Nilinunua jogoo mzuri mnadani, nikapanda bodaboda mpaka Misima. Mtani alinipokea vizuri sana, akanikaribisha kiti, akauliza habari za shule. Sanduku nililiona kwa macho yangu, chumbani, limesimamishwa wima, limefunikwa kanga safi. Nikatoa jogoo.

"Ahsante, Mwalimu. Huyu nitamla," alisema. "Lakini sanduku siwezi kukupa. Wewe umefiwa na nani?"

"Nimetumwa, mzee."

"Hujatumwa. Ningekwishatukanwa."

Tulimla jogoo pamoja, yeye, mimi na binti yake anayeishi naye. Nilimwomba basi anipe ile moja tu, ndogo, ya wasichana wanne. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mimi mwenyewe silipendi hili jambo. Kila nikipita hapo nalikuta linanitazama. Mwambie aje anitukane." Ndiyo siku niliyosimama barabarani saa saba.

Miaka minne. Nilikwenda Misima mara sita, na Masuguru sikumbuki mara ngapi. Nilimbembeleza Nesi, nikamtumia mama, nikamtumia shehe. Nilimwambia kuku nitamleta mimi, wewe kaa tu kwenye gari. "Nyamaza, Miguu." Nilisema tusi si lazima liwe kubwa, hata dogo tu. "Nyamaza." Mara moja nikashindwa, nikapandisha sauti mbele ya mtu aliyenivuta kwa miguu nikaona dunia: "Nesi, kuna bibi wa watu huko kwao anataka kusikia sauti yake kabla hajafa! Na wewe unamnyima kwa sababu ya kuku!"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Na mimi je?" alisema.

Sikumwelewa. Niliondoka nimekasirika, na hasira ile nilikaa nayo mwaka mzima.

Mwaka huu, masika yalipokatika, simu yangu iliita nikiwa darasani. Nesi hapigi simu. Anaona simu ni ya kuitia watu wa dharura.

"Miguu. Mtani amekufa. Tafuta gari, kesho kutwa ndiyo siku ya tatu."

"Innalillahi. Pole sana, Nesi."

"Pole ya nini? Gari."

Nilimkuta tayari, kitenge cha msibani, viatu vyeupe vya kazi ambavyo sikujua bado anavyo, na mapajani amepakata redio ya santuri imefungwa kwa shuka. Miaka minne nilikuwa nimelala na kuamka na jambo moja, na sasa nilielewa, au nilidhani nimeelewa: alikuwa anasubiri zamu yake. Mfiwa sasa ni upande wa pili. Leo mtani ni yeye, na mtani anachukua anachotaka. Nilikuwa nimenunua betri sita mpya. Nikampa.

"Hizo zako zina haraka," alisema. Zake zilikuwa ndani ya kikapu, zilezile kuukuu, na zilikuwa na joto la jua.

Misima watu walikuwa wamejaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi. Nesi hakusalimia. Alisimama katikati, akashika usukani usioonekana, akawasha gari, gari likakataa, akalipiga teke, likawaka, akaanza kuyumba huku na huku mpaka wanawake wakahamisha miguu.

"Marehemu huyu," alisema kwa sauti ambayo wodini ingemtoa mtu nje, "aliendesha gari la wagonjwa kama anapeleka maboga mnadani! Mimi nilikuwa nyuma na wazazi. Watatu walijifungua kwa ajili ya mashimo, si kwa ajili ya uchungu! Mmoja tukamwita mtoto Breki, maana marehemu hakuwa nazo!"

Kicheko kilipanda. Binti wa marehemu, ambaye asubuhi yote alikuwa amekaa kama gogo, alifunika uso kwa kanga, na mabega yalikuwa yanatikisika.

"Mali yake iko wapi? Alikuwa na sanduku, mwizi huyu. Lileteni!"

Likaletwa, na kanga yake. Nesi akaomba maji, akanawa hadi viwiko mbele ya msiba mzima. Pamba, spiriti, kiberiti. Betri kuukuu zikaingia moja moja. Mimi, niliyekuwa nanasa tangu Nesi aliposimama uani, nilipiga goti na simu karibu kabisa na redio. "Tulia, haiumi," akaiambia santuri, na sindano ikashuka.

Kikohozi kikasikika. Kizuri, safi, cha msichana mwenye mafua. Uani pakawa kimya. Halafu ngoma zikaingia, na kwa betri zile zilizochoka ikaingia sauti ya mwanamume mzito anayefoka polepole, na mzee mmoja kwenye benchi akauliza kwa mshangao wa kweli, "Kumbe ni marehemu mwenyewe?" Basi, sikupata kingine. Watu walianguka mikekani. Vigelegele. Wengine wakaanza kucheza. Nesi katikati yao alikuwa anacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, machozi yanamiminika, na sikuwahi kumwona hivyo, na nilimwomba Mungu anisamehe kwa sababu moyoni nilikuwa napiga kelele: nyamazeni, nyamazeni, ni dakika mbili tu!

Wimbo ulipoisha binti wa marehemu aliinuka, macho mekundu, akaingia nyuma ya nyumba na kurudi na kuku mweupe. "Nesi mchawi wewe," alisema. "Mzee wa kunusa vitovu. Rudisha mali ya baba yangu."

"Nesi, usi..." nilianza.

Nesi alikuwa ameshampokea kuku. Alimkabidhi binti sanduku kwa mikono miwili, na redio juu yake, maana alisema santuri bila mashine ni mfuniko wa chungu. Kisha akatoa betri zake, akachomoa sindano, akaifunga kwenye pamba, kiberitini, mfukoni.

"Sindano haiachwi nyumbani kwa watu," alimwambia binti. "Ukitaka kusikia utakuja. Nikitaka kusikia nitakuja."

Tukashika njia ya Korogwe. Tulipovuka Mto Pangani nikashindwa kuvumilia. "Kuku, Nesi. Miaka minne nimekuomba utoe kuku, leo umepewa kuku na sanduku umeliacha palepale!"

Alikuwa anamtuliza yule kuku mapajani. "Siku ile Mtani alivaa kofia ya mume wangu, akatembea. Miguu, alikuwa ni yeye. Mguu ule, bega lile. Ningecheka, ningekuwa nimekubali amekufa." Akamfunika kuku mbawa kwa ncha ya kitenge. "Mtani hakukosea. Mimi ndiye niliyemkosea. Leo nimemlipa kicheko chake, na cha mume wangu humohumo."

Nilichonasa nimekituma. Mwendo si wake, sauti si yake, na baada ya kile kikohozi wimbo wenyewe hausikiki vizuri kwa vicheko. Yule bibi wa kwenye ngazi alijibu baada ya siku mbili. Hakulalamika. Aliandika kwamba amesikiliza mara nyingi, na aliuliza ni nani yule mwanamke anayefoka kabla wimbo haujaanza. Bado sijajua nimjibu kwa urefu gani.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya Misima, kabla ya kurudi Handeni, nilipita kumuaga. Kuku mweupe alikuwa bandani. Nesi alikuwa amesimama kwenye kigoda kando ya banda, na juu ya bati betri sita zimepangwa juani. Redio iko Misima. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa anazigeuza moja moja, taratibu, upande wa pili nao upate jua.